Kamusi ya Mkutubi: Maisha na Kazi ya María Moliner

(Hotuba kwa wakutubi na walimu wa lugha, Siku ya Kiswahili Duniani)

Mwenyekiti wa shughuli, walimu wangu, wakutubi wenzangu na ndugu wageni waalikwa: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nilipopigiwa simu nije kuzungumza leo, niliambiwa nichague mtu mmoja aliyeitumikia lugha. Najua wengi mlitarajia Shaaban Robert, nami ningemleta kwa moyo mkunjufu, ila ameshaletwa mara nyingi na humu wamo wanaomjua kuliko mimi. Nimewaletea mwanamke wa Hispania. Sababu yangu ni ya kindugu. Nusu ya ukumbi huu ni wakutubi, na kila tunapoadhimisha lugha wanaoitwa jukwaani ni mshairi na profesa. Mkutubi huombwa apange viti. Leo viti na vipangwe na washairi.

Anaitwa María Moliner. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1900 katika kijiji cha Paniza, mkoa wa Zaragoza, akafariki Madrid tarehe 22 Januari 1981. Kati ya tarehe hizo aliandika peke yake, nyumbani kwake, kamusi ya mabuku mawili yenye karibu kurasa 3,000: Diccionario de uso del español, yaani kamusi ya matumizi ya Kihispania.

Habari zake zikisimuliwa, na huko kwao husimuliwa sana, huenda hivi. Palikuwa na mama wa makamo, mpole, mwenye mume profesa na watoto wanne. Watoto walipokua akajikuta ana nafasi, akaanza kuandika maneno kwenye vikadi, na miaka 15 baadaye akawashangaza wataalamu. Ni hadithi tamu, hata mimi naipenda. Kasoro yake ni kwamba imemwacha mtu mwenyewe nje ya mlango. Huyo mama wa vikadi alikuwa ameanza kazi ya kamusi tangu usichana, alikuwa mtumishi wa maktaba na nyaraka za serikali kwa miaka 30, aliwahi kuandika mpango wa maktaba za nchi nzima, na akanyang'anywa hayo yote. Ninachodai mbele yenu ni kwamba kamusi ile ni kazi ya mkutubi aliyenyimwa maktaba. Nipeni nafasi niwaonyeshe.

Baba yake alikuwa daktari, kwanza vijijini, kisha kwenye meli. Alikwenda Argentina, akarudi, akaenda tena, na safari hiyo hakurudi. Mama, Matilde Ruiz, akabaki na watoto watatu. Walikuwa wameishi Madrid, ambako watoto walionja elimu ya Institución Libre de Enseñanza, shule ya watu walioamini kwamba mtoto hujifunza kwa kuona na kuuliza, si kwa kukariri huku ameshikiwa fimbo. Fedha zilipokatika wakarudi Aragón, eneo lenye mkoa wao wa Zaragoza. María, binti mdogo bado, akaanza kufundisha tuisheni, Kilatini na hesabu, ili nyumbani paliwe.

Akiwa Zaragoza, kuanzia 1917, aliingia katika Estudio de Filología de Aragón, kituo kilichoongozwa na Juan Moneva, ambako walikuwa wakikusanya maneno ya Kihispania cha Aragón kwa ajili ya kamusi. Binti wa miaka 17. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba alianza kamusi akiwa na zaidi ya miaka 50, tuseme alirudi kwenye kamusi.

Mwaka 1921 alihitimu historia Chuo Kikuu cha Zaragoza, na matokeo yake yalikuwa ya juu kabisa. Mwaka uliofuata alifaulu mtihani wa kuingia kada ya serikali ya watunza nyaraka, wakutubi na wanaakiolojia, wakati ambapo wanawake katika kada hiyo walihesabika kwa vidole. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Simancas, ngome ya kale yenye nyaraka za wafalme wa Castilla. Kutoka hapo akahamia Murcia, kwenye nyaraka za ofisi ya hazina, na mwaka 1924 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Murcia. Mwaka 1925 akaolewa na Fernando Ramón, profesa wa fizikia. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alifariki akiwa mchanga. Wanne waliofuata wakaishi.

Sasa tufike Valencia, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Mwaka 1931 mfalme aliondoka, Jamhuri ikatangazwa, na baada ya wiki chache tu serikali mpya ikaanzisha shirika lililoitwa Misiones Pedagógicas, chini ya mzee Manuel Bartolomé Cossío. Vijana, walimu na wasanii walipanda milima na punda wakiwa na sinema, tamthilia, santuri, nakala za michoro mashuhuri, na vitabu. Santuri na sinema zilifika na kuondoka, vitabu vilibaki. Kijiji kilipewa mkusanyiko wa vitabu 100, navyo vilifika na karatasi za kuvijalidi, daftari la kuandikia waazimaji na alamisho za kuweka kati ya kurasa. Naomba mliozoea kupokea misaada ya vitabu mlitazame jambo hilo kwa makini. Aliyefunga mzigo ule alikwishafikiri kuhusu mikono yenye udongo, kuhusu mtu atakayelala kabla ya kumaliza ukurasa, kuhusu mwalimu wa shule ambaye hajawahi kuazimisha kitabu maishani mwake. Sisi tumeshapokea makontena ya vitabu ambayo aliyeyafunga hakufikiria hata lugha ya wasomaji. Hadi vita vilipoanza, zaidi ya maktaba 5,000 za namna hiyo zilikuwa zimesambazwa Hispania.

Upande wa Valencia, María Moliner ndiye aliyezishughulikia maktaba hizo, zaidi ya mia moja. Hakukaa ofisini kungoja ripoti. Alivitembelea vijiji, akaangalia vitabu vipi vimechakaa na vipi bado vinang'aa kama vilivyotoka dukani, akazungumza na walimu. Aligundua jambo ambalo kila mkutubi wa wilayani analijua: vitabu 100 vikishasomwa vyote, maktaba imekufa. Akaunda utaratibu wa maktaba kuu moja mjini, ya kuzungusha vitabu vijijini, ili rafu za kila kijiji ziwe na kitu kipya.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Julai 1936. Mwezi Novemba serikali ya Jamhuri ikahamia Valencia, na mama huyu, ambaye kwa muda aliongoza pia maktaba ya chuo kikuu cha mji huo, akapewa ofisi ya kununua vitabu na kubadilishana na nchi za nje. Fikirini: mabomu yanaanguka, nauli na karatasi ni za shida, na ofisini mwake watu wanapanga ni vitabu gani vipelekwe wapi.

Mwaka 1937 kilitoka kijitabu chake cha maelekezo kwa maktaba ndogo. Sehemu kubwa ni mambo ya ufundi, namna ya kuandikisha kitabu, kukipa namba, kukipanga, kukiazimisha. Lakini mwanzoni aliweka maneno kwa wakutubi wa vijijini, na ningekuwa na uwezo ningeyabandika kila chuo kinachofundisha ukutubi. Anawaambia kwamba mkutubi lazima aamini mambo mawili: kwamba watu anaowahudumia wanaweza kuinuka kiakili, na kwamba kazi yake yeye ina mchango katika kuinuka huko. Kisha anawatahadharisha. Utafika kijijini, na wenyeji wenyewe watakuvuta pembeni wakuambie: tazama, watu wa hapa ni vichwa vigumu, waite dansini, waite kwenye mpira, waite sinema watakuja, lakini maktaba! Naye anajibu: hapana, rafiki zangu. Watu wa kijiji chako hawajazidi ugumu watu wa vijiji vingine vya Hispania, wala vya duniani. Jaribu kuwazungumzia elimu uone macho yao yatakavyofunguka.

Mimi nimefanya kazi hii muda wa kutosha, na nimeyasikia maneno ya vichwa vigumu kutoka kwa watu wenye shahada. Tofauti ni kwamba sikuwa na jibu lililoandikwa vizuri hivyo.

Baada ya kijitabu akaandaa jambo kubwa zaidi: mpango wa kuunganisha maktaba zote za dola, kuanzia Maktaba ya Taifa hadi chumba kimoja cha kijijini, kwa shabaha kwamba msomaji yeyote, popote alipo, aweze kupata kitabu chochote anachokihitaji. Ulichapishwa mwaka 1939 bila jina lake, na leo wataalamu wa maktaba huko wanauita kwa jina lake. Haukutekelezwa hata siku moja. Mwishoni mwa Machi 1939, siku zilezile alipotimiza miaka 39, majeshi ya Jenerali Franco, aliyekuwa akiipiga vita Jamhuri, yaliingia Valencia.

Washindi walifanya uchunguzi wa watumishi wote wa umma. Mume alivuliwa uprofesa, na ilichukua miaka kurudishiwa kazi ya ngazi yake, tena mbali, Salamanca. María alishushwa nafasi 18 katika orodha ya kada yake, akarudishwa kwenye nyaraka za hazina. Ukilinganisha na waliopigwa risasi au kuvuka mpaka kwa miguu, utasema amepona. Ni kweli, alipona. Ila mtu aliyekuwa akizungusha vitabu katika jimbo zima sasa alikuwa akipanga majalada ya kodi, na hakuna aliyetakiwa kumwuliza maoni yake juu ya jambo lolote. Mwaka 1946 akapewa maktaba ya shule ya uhandisi wa viwanda mjini Madrid, na hapo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 1970. Wahandisi wakaja, wakaazima, wakarudisha. Saa za jioni zilikuwa zake.

Mwaka 1952 mwanawe Fernando alimletea kutoka Paris kamusi ya Kiingereza ya A. S. Hornby, iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Msishangae nikitabasamu. Ni ileile kamusi ya Oxford ambayo wengi wetu tuliibeba mabegani miaka ya sekondari, wengine tukiwa tumeirithi kwa kaka bila jalada. Hornby aliitunga kutokana na kufundisha Kiingereza Japani, naye hakuishia kueleza neno maana yake nini. Alionyesha linavyotumika, linaandamana na nini, sentensi yake inajengwaje. María Moliner aliisoma akaona kitu ambacho Kihispania hakikuwa nacho. Akasema atafanya kijitabu kidogo cha namna hiyo. Mwaka 1955 mchapishaji Gredos, kupitia kwa mshairi na mwanafilolojia Dámaso Alonso, akaingia naye mkataba.

Namna alivyofanya kazi tumesimuliwa na Gabriel García Márquez, mwandishi wa riwaya wa Kolombia, aliyeandika makala gazetini wiki chache baada ya kifo chake. Anasema mama huyu aliamka saa 11 alfajiri, akagawa karatasi vipande vinne sawasawa, akaanza kuandika vikadi bila maandalizi mengine. Vifaa vyake vilikuwa viegemeo viwili vya kuwekea vitabu na taipureta ndogo. Mwanzoni alitumia kimeza cha sebuleni. Vitabu na vikadi vilipomzidi, akalaza ubao juu ya migongo ya viti viwili. Mume alijifanya hana habari, kumbe kwa siri alikuwa akipima marundo ya vikadi kwa futi ya utepe na kuwapelekea watoto taarifa. Siku moja akawaandikia kwamba mama yenu amefika herufi ya mwisho. Miezi mitatu baadaye akawaandikia tena, amekata tamaa: amerudi herufi ya kwanza. Mmoja wa watoto alipoulizwa ana ndugu wangapi, alijibu: wa kiume wawili, wa kike mmoja, na kamusi. Na kila walipomwuliza mama lini itakwisha, jibu lilikuwa bado miaka miwili. Buku la kwanza lilitoka 1966, la pili 1967.

Haya, kuna nini ndani? Msingi wa vitomeo, yaani maneno yanayoorodheshwa na kuelezwa kamusini, aliuchukua kutoka kamusi ya Akademia ya Kihispania, ile Real Academia Española, chombo cha kusimamia lugha kilichoundwa mwaka 1713. Lakini maana aliziandika upya karibu zote, kwa lugha ya watu wa wakati wake. Mnaijua ile adha: unatafuta neno, unapelekwa kwa neno jingine, unakwenda kwa hilo jingine, unarudishwa ulikotoka. Aliivunja kwa kanuni. Kila neno lielezwe kwa neno pana kuliko lenyewe, na hilo kwa lililo pana zaidi, mpaka ufike kwenye maneno machache ya juu kabisa ambayo hayaelezeki tena. Maneno yaliyo hai midomoni mwa watu na yale yaliyobaki vitabuni akayatofautisha kwa aina ya herufi. Herufi ch na ll, ambazo kamusi za Kihispania zilizipa milango yao wenyewe, akaziingiza chini ya c na l. Chama cha akademia za Kihispania kiliafiki hivyo mwaka 1994.

Lakini ufunguo wa kamusi nzima ni jambo jingine. Mwenyewe alieleza kwamba lengo lake ni kumtoa msomaji kwenye neno analolijua na kumfikisha kwenye neno asilolijua, au lile lililomkimbia wakati anapolihitaji. Kwa hiyo chini ya kitomeo anakupa visawe, kisha orodha ya maneno ya ukoo mmoja kimaana, kisha vitenzi vinavyoandamana nalo na miundo yake. Chukueni mfano wa kwetu: mtu anajua neno mlango, anachotaka ni jina la kile chuma kinachouwezesha kufunguka na kufunga. Kamusi ya kawaida haimsaidii, maana ili kutafuta bawaba inabidi awe analijua neno bawaba. Kamusi ya Moliner ingempokea penye mlango, imtajie bawaba, kitasa, komeo, kizingiti na fremu.

Wakutubi mmeshalitambua. Ndiyo kazi ya dawati la mapokezi! Msomaji anakuja na neno moja bovu, wewe humfukuzi kwa kuwa hajui kichwa cha kitabu. Unampokea na hilo alilonalo, unamwuliza mawili matatu, unampeleka rafuni. Msomaji yeyote, popote alipo, kitabu chochote. Mpango ule wa 1939 uliozikwa na serikali ulitoka tena mwaka 1966 katika umbo ambalo hakuna waziri angeweza kulifuta.

Simsifii kila kitu. Matusi aliyaacha nje, na García Márquez alimlaumu kwa hilo, nami niko pamoja naye. Mtu aliyelelewa na nyaraka za Simancas, ambako hata barua ya mfalme mwenye hasira hutunzwa, hakupaswa kuchagua maneno ya watu kwa adabu. Wataalamu wengine walilalamika kwamba hakutaja waandishi kama ushahidi wa matumizi. Hapo namtetea kidogo: alimtungia msomaji, hakuwatungia wataalamu.

Mwaka 1972 baadhi ya wanaakademia, wakiwemo Rafael Lapesa na Pedro Laín Entralgo, walimpendekeza apewe kiti katika Akademia. Kura zikaenda kwa Emilio Alarcos Llorach, mwanaisimu hodari, hilo halina ubishi. Ila Akademia ilikuwa na zaidi ya miaka 250 na hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa kukalia kiti chake. Wa kwanza, mshairi Carmen Conde, alichaguliwa 1978. Moliner mwenyewe alitoa majibu mawili, na nayaamini yote mawili. Gazetini alisema kwamba kamusi ile ingekuwa ya mwanamume, watu wangeuliza mbona bwana huyu hayumo Akademia. Na García Márquez anasimulia kwamba alishukuru kuepuka ile hotuba ya kupokelewa, akisema atahutubia nini mtu ambaye maisha yake yote ameshona soksi. Mnaosikia unyenyekevu katika hilo jibu la pili, lisikilizeni tena.

Mume alifariki 1974. Baadaye ugonjwa wa mishipa ya ubongo ukamnyang'anya kumbukumbu, na alipofariki Januari 1981 alikuwa kimya kwa miaka kadhaa. García Márquez aliipima kamusi ile kwa kilo, akasema ni tatu, akasema ni ndefu mara mbili ya kamusi ya Akademia na kwa maoni yake ni bora zaidi ya mara mbili. Mwaka huohuo, kwa sadfa tu, sisi tulipata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, kazi ya taasisi nzima.

Limebaki jambo moja, nalo ni la watunga kamusi waliomo humu, maana linatuhusu moja kwa moja. Toleo la kwanza la Moliner halikufuata alfabeti tupu. Aliweka maneno ya asili moja pamoja, mtoto chini ya mzazi, ili msomaji auone ukoo. Wasomaji wengi walihangaika, na toleo la pili, lililotoka 1998 yeye akiwa hayupo, likayatawanya yote kufuata alfabeti. Mabishano haya si mageni kwetu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilimweka mpishi chini ya pika na mapatano chini ya pata. Kamusi zetu za sasa zimemhamishia mpishi kwenye M. Najua hoja ya upande wa pili: mwanafunzi wa darasa la tano hajui mzizi, anaijua herufi anayoiona. Hata hivyo, katika lugha kama yetu, ambamo kitenzi kimoja huzaa nomino kwa nusu dazeni, nadhani tulipowatawanya watoto tulipoteza zaidi ya tulichopata, na kwa kuwa siku hizi kamusi nyingi ziko kwenye simu, ambako kuweka njia zote mbili hakugharimu karatasi hata moja, sioni kwa nini tuendelee kuchagua. Ningependa wenzetu wa leksikografia waanze kwa kunijibu hapo.